Uani kusikokauka: kuchagua mimea ya kivuli na unyevu kwa nyumba za Tanga

Karibu kila nyumba ya Tanga ina pahala pasipokauka. Ni nyuma ya jiko, chini ya bomba, kwenye kichochoro kati ya nyumba na ukuta wa jirani, chini ya mwembe, au pale maji ya bafu yanapotokea. Mwenye nyumba hununua mche aliouziwa kwa jina la "mmea wa kivuli", anaupanda hapo mwezi wa nne, na ikifika mwezi wa saba umeoza. Kivuli ndicho kinacholaumiwa, ilhali mara nyingi hakihusiki. Mche umekufa kwa sababu mizizi ilikosa hewa.

Udongo una matundu madogo ambamo hewa na maji hupokezana. Maji yakituama, hewa hutoka, na mizizi, ambayo nayo hupumua, huanza kufa kuanzia ncha zake. Kwenye kivuli shida huongezeka: mmea usiopata jua hunywa maji kidogo, kwa hiyo udongo unaokauka kwa siku mbili juani huchukua wiki nzima hapo. Kabla ya kuuliza mmea gani unavumilia giza, uliza maji ya mahali hapo yanapita au yanakaa.

Mkoa wetu wenyewe una mfano mzuri. Saintpaulia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya linalouzwa madirishani Ulaya na Marekani, asili yake ni Tanzania na Kenya, na misitu ya Usambara ni kati ya maskani yake makuu. Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani, aliyapeleka Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akayaelezea kisayansi. Porini huota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli. Hewa ina unyevu mwingi, lakini kwenye ufa udongo ni kiganja kimoja tu na maji yote huteremka. Ukiliweka ua hilo kwenye tope, litaoza ndani ya wiki chache, ingawa ni mmea wa msituni. Ukilitaka, nunua lililooteshwa kitaluni, likae kwenye chungu kidogo chenye matundu, barazani pasipofika jua la mchana. Usiling'oe mwambani: baadhi ya aina zake zimebaki sehemu chache sana.

Pima maji kwanza

Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 30. Lijaze maji (kama lita 27), acha yanywewe yote, kisha lijaze tena. Muda uhesabu kwa maji ya mara ya pili, maana ya kwanza hulowesha kingo tu na hudanganya.

Yakiisha ndani ya saa nne, maji yanapita. Yakichukua kati ya saa nne na kumi na mbili, unaweza kupanda aina nyingi ukiinua tuta. Yakiwa bado yapo kesho yake, hapo ni pahala pa maji yaliyotuama, na mbolea yoyote utakayoweka haitabadilisha hilo.

Kama una muda, fanya kipimo hiki Februari, kisha urudie Mei. Masika ya Tanga huwa mazito zaidi mwezi wa nne na wa tano, na sehemu za chini huonyesha sura yao ya kweli wakati huo. Ukiona shimo linajaa lenyewe kutoka chini, maji ya ardhini yako juu. Kuchimba zaidi na kutia kokoto chini ya shimo hakusaidii: umetengeneza karo tu. Inua tuta au panda mimea ya majini.

Uangalie na udongo uliotoa. Chukua donge la kina cha sentimita 25, livunje, linuse. Harufu ya mayai viza maana yake hapo hewa haijaingia muda mrefu. Rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu inasema maji hupanda na kushuka kila mwaka, hata kama leo pamekauka. Udongo wa kahawia au mwekundu wa rangi moja ni dalili njema.

Kivuli cha masika na kivuli cha kaskazi

Hapa ndipo wengi hukosea, na ni kosa la gharama kwa sababu hujitokeza miezi sita baada ya kupanda. Tanga iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Kuanzia mapema Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa anga. Kuanzia Oktoba hadi Februari huhamia kusini. Ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha mita moja na nusu hivi upande wake wa kusini mchana wa mwezi Juni. Desemba upande huohuo unapigwa jua la utosi, na kivuli, kisichozidi mita moja, kimehamia kaskazini ya ukuta.

Maana yake, kichochoro cha kusini ya nyumba ulichokiona chenye ubaridi na ukungu wakati wa kusi, kitaungua wakati wa kaskazi, tena Januari na Februari mvua ikiwa haba. Makangaga yaliyonawiri Julai hukauka kingo zote Januari. Ukuta wa kaskazini una tabia ya kinyume: kivuli chake huja wakati wa joto, na jua lake wakati wa kusi ni la upole kidogo.

Kwa hiyo jua hupimwa kwa dira na kalenda, siyo kwa macho ya siku moja. Siku ya kupima, nenda mahali hapo mara tatu: saa tatu asubuhi, saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Shika mkono sentimita 30 juu ya karatasi nyeupe. Kivuli cha mkono kikiwa na kingo kali, hapo pana jua. Kikiwa na ukungu lakini vidole vinahesabika, ni kivuli chepesi, na hapo mimea mingi ya maua ya kivuli itachanua. Usipoona kivuli chochote, hapo ni giza: tegemea majani, maua yasahau. Giza lisilopata hata kivuli chepesi saa yoyote ya siku halina mmea wa kudumu. Weka vyungu viwili, ubadilishane navyo kila wiki mbili na vilivyo barazani.

Kivuli cha mti ni kitu kingine tena. Mwembe haupukutishi majani yake yote kwa mara moja, kwa hiyo kivuli chake ni cha mwaka mzima, lakini mizizi yake ya juu hunyonya maji haraka, na panapoonekana pabichi Mei pamekauka kabisa Septemba. Mkungu nao hupukutisha majani makubwa mapana, na makangaga machanga yakifunikwa na matatu manne yenye maji juu yake hufa chini yake. Chini ya mkungu pita na fagio mara mbili kwa wiki, au usipande kitu kifupi.

Maji yanapotuama

Magimbi ndiyo chaguo la kwanza, na tusiyadharau kwa sababu ni chakula cha nyumbani. Jani lake ni pana, la kijani kisichong'aa, na tone la maji likianguka juu yake hubingirika kama shanga bila kulowesha. Panda vichipukizi kwa umbali wa sentimita 60 hadi mita moja, vikiwa na sentimita 5 za udongo juu ya kiazi. Huvumilia maji yaliyosimama na kivuli cha nusu siku. Kivuli kizito kinayafanya marefu na legevu, na viazi huwa vidogo. Vaa glavu au mfuko wa plastiki ukiyakata, kwani utomvu wake unawasha, na hakuna sehemu ya gimbi inayoliwa bila kupikwa ikaiva vizuri.

Angalia usiyachanganye na jamaa zake wa mapambo. Kwenye gimbi la kula, bua la jani hushika jani kwa ndani kidogo, sentimita kadhaa kutoka kwenye panda la jani. Kwenye baadhi ya jamaa zake, bua linaingia palepale kwenye panda. Usiyemjua, usimtie chunguni.

Mafunjo ya mapambo, yale yenye majani kama mwavuli juu ya fimbo nyembamba, hukaa hata ndani ya maji, ila yanataka angalau saa tatu za jua. Kana nayo inavumilia tope, lakini kwenye kivuli hutoa majani mazuri na maua machache; ukiitaka kwa ua, iweke ukingoni jua linapofika. Kwa wanaoishi karibu na mikoko, ambako maji ya chini yana chumvi, kuna kangaga kubwa la kule kule, Acrostichum aureum. Lina majani ya ngozi yanayofika mita mbili, linastahimili chumvi inayoua makangaga mengine mengi. Linataka nafasi, si la kichochoro.

Unyevu wa siku zote, maji yanayopita

Hapa pana neema, na hapa ndipo unapoweza kuchagua kwa jicho. Sisi tungeanza na makangaga ya Nephrolepis, yale yenye majani marefu kama mbavu za samaki. Ni magumu, hutambaa yenyewe, hayali mbolea nyingi, na ukikosea hurudi. Yapandwe kwa sentimita 45 hadi 60. Kangaga la kiota, Asplenium nidus, lenye majani mapana yaliyosimama kama bakuli, lipandwe kitovu chake kikiwa juu ya udongo. Likizikwa kitovu, linaoza. Porini hukaa juu ya miti, kwa hiyo hata kuliegemeza kwenye makumbi yaliyofungwa kwenye shina la mnazi linakubali.

Spathiphyllum, lenye ua jeupe kama tanga la ngalawa, ni mmea wa anayejifunza kwa sababu unasema. Ukikosa maji hulala wote, ukinyweshwa husimama baada ya saa chache. Ukilala wakati udongo umelowa, mizizi imeoza: usiunyweshe tena, ung'oe.

Kaladiamu zenye majani mekundu na meupe huota vizuri masika, kisha hukauka na kulala kiangazi. Wengi hudhani zimekufa wakazitupa. Weka kijiti cha alama, punguza maji, na mvua za kwanza zitaziamsha. Impatiens, ambazo aina yake inayopandwa zaidi duniani ni ya Afrika Mashariki yenyewe, huchanua kwenye kivuli chepesi mwaka mzima. Kata ncha ya sentimita 10, ondoa majani ya chini, choma kwenye udongo, na baada ya wiki mbili ina mizizi. Shina lake limejaa maji, hivyo tope la siku tatu linatosha kulimaliza.

Heliconia na Alpinia, ndugu wa tangawizi wenye maua mekundu ya kusimama, ni kwa mwenye nafasi: mita moja na nusu kati ya shina na shina, na kila mwaka ukate machipukizi yanayotoka nje ya mstari. Syngonium, mmea wa kutambaa wenye majani kama mshale, hufunika ardhi haraka kuliko mmea wowote hapa, na ndiyo sababu tunaiogopa: ikipanda ukuta ama mti hubadilika majani na kuwa nzito. Ikate kabla haijafika kimo cha kiuno.

Anayetaka kitu cha jikoni apande manjano. Vipande vya tunguu vyenye jicho, kina sentimita 5, umbali sentimita 30, juu ya tuta, mwezi wa nne. Huvumilia kivuli chepesi na huvunwa baada ya miezi minane au tisa majani yakikauka. Tangawizi inafanana nayo lakini huoza haraka zaidi. Usiiweke ila maji yanapoisha ndani ya saa nne. Iliki inapendeza kwa majani na harufu, ila ni mmea wa milimani kama Amani, na huku chini pwani usiitegemee kwa mavuno.

Asumini, mrehani na waridi tusijidanganye navyo. Vinataka jua. Kwenye kivuli chenye unyevu hurefuka, huota ukungu mweupe, na hutoa ua moja kwa mwezi.

Zamioculcas na mikonge ya mapambo ndiyo inayouzwa zaidi kwa jina la mimea ya kivuli, na kivuli kweli inakivumilia. Lakini ni ya kivuli kikavu. Zamioculcas huficha maji kwenye viazi vyake chini ya udongo. Ikilowa wiki mbili mfululizo, viazi huwa uji. Iweke kwenye chungu barazani, imwagilie mara moja kwa wiki mbili, na nyuma ya bafu usiipeleke kabisa.

Tuta, udongo na mtaro

Pale maji yanapochukua zaidi ya saa nne, inua tuta la sentimita 25 hadi 30. Mchanganyiko unaofaa: sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi iliyooza miezi mitatu au zaidi, sehemu moja ya mchanga wa mto au makumbi yaliyokatwakatwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi na vipande vya kombe, usiutumie. Makumbi nayo huwa na chumvi: yaloweke kwenye maji baridi, mwaga, rudia mara tatu, siku moja moja.

Kingo za tuta zijengwe kwa matofali ya kuchoma au magogo. Mawe ya matumbawe ni mengi na ni ya bure, lakini hutoa chokaa kila mvua. Dalili yake ni jani changa kuwa la njano huku mishipa ikibaki ya kijani. Nyumba za juu ya matumbawe, kama nyingi za karibu na bahari, zina hali hiyo tayari ardhini, na dawa yake ni mboji nyingi na kuchagua mimea isiyojali, kama Nephrolepis.

Tuta likae sentimita 50 mbali na ukuta wa nyumba, na uso wake uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15. Ukilibandika ukutani, rangi itavimba na plasta itaanguka. Kati ya tuta na ukuta chimba mtaro wa kina sentimita 20, ushuke angalau sentimita moja kwa kila mita, ujaze kokoto. Hakikisha mwisho wake hauingii kwa jirani. Karibu na karo panda makangaga tu. Heliconia na miti hupenyeza mizizi kwenye maungio yake.

Chini ya mwembe usilundike udongo zaidi ya sentimita 5 juu ya mizizi, kwani nayo inapumua. Weka vyungu juu ya matofali.

Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga na dawa ya madoa yasielekezwe kwenye bustani. Chumvi yake hukusanyika, na kingo za majani huwa kahawia kavu. Maji ya kuoshea mchele au mboga hayana neno.

Kununua na kupanda

Kitaluni inua kiriba. Kama maji yanachuruzika na udongo unanuka, acha. Bonyeza shina karibu na udongo: liwe gumu. Uliza mche ulikaa chini ya neti au juani, kwani uliozoea jua ukiingia gizani hupukutisha nusu ya majani wiki ya kwanza. Usiutupe, utatoa mengine.

Kwa upande wa kaskazini wa nyumba panda mwishoni mwa Machi, mvua za mwanzo. Kwa upande wa kusini subiri Juni. Mvua kubwa imepita, udongo bado una unyevu, na mche unapata miezi minne ya kushika mizizi kabla jua la Oktoba halijafika. Pahala pa tope, usichome vipandikizi mwezi wa tano. Vitaoza kabla ya kuota.

Shimo liwe upana mara mbili ya kiriba, kina kilekile. Panda mche kimo kilekile ulichokuwa nacho, au sentimita mbili juu zaidi kwa sababu tuta hushuka. Mwagilia lita mbili, kisha tandaza majani makavu unene wa sentimita 5, yakiwa mbali na shina kwa upana wa kiganja. Baada ya hapo choma kidole hadi kiungo cha pili: kikitoka na udongo unaonata, usimwagilie.

Vinavyoharibika

Majani ya chini yakiwa ya njano na shina laini, ng'oa mche mmoja uoshe mizizi. Mzizi mzima ni mweupe au wa rangi ya maziwa na hauvunjiki ovyo. Uliooza ni kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ngozi yake huteleza ikatoka, ikabaki nyuzi nyembamba kama uzi wa cherehani. Kata yote iliyooza kwa kisu kisafi, punguza majani nusu, panda upya kwenye chungu chenye mchanga mwingi.

Majani yenye matundu makubwa na ute unaong'aa asubuhi ni kazi ya konokono wakubwa wa pwani. Huku ndiko kwao, na kwenye kivuli chenye unyevu hula usiku kucha. Majivu husaidia hadi yanapolowa tu, yaani usiku mmoja. Njia inayofanya kazi ni kuwaokota kwa tochi saa mbili usiku, siku nne mfululizo baada ya mvua, kwa mkono uliovaa mfuko kwa sababu hubeba minyoo ya hatari kwa binadamu. Watie kwenye ndoo ya maji ya chumvi. Fukua pia chini ya magogo: mayai yake ni ya rangi ya maziwa, kama punje za mtama, mamia pamoja.

Mbu hatuwezi kuwapita. Mwaka 2019 homa ya dengue ilisumbua Dar es Salaam na Tanga, na mbu wake huzaliana kwenye maji machache tu: sahani ya chini ya chungu, makwapa ya majani ya magimbi, bakuli la mimea ya jamii ya nanasi. Kutoka yai hadi mbu ni kama siku saba hadi kumi. Ondoa sahani zote, na kila Ijumaa pitisha mpira wa maji kwa nguvu kwenye makwapa ya majani hadi maji ya zamani yatoke. Kama huna nafasi ya kazi hiyo kila wiki, acha magimbi na mananasi ya mapambo, panda makangaga.

Nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi isiwe na mimea ya mapambo ya Dieffenbachia, Aglaonema wala kaladiamu chini ya kimo cha meza. Utomvu wake huvimbisha midomo na ulimi kwa dakika chache.

Na mabaki ya kupogoa, hasa Syngonium, yakaushwe juani kwenye bati wiki mbili kabla ya kutupwa. Kipande chenye pingili moja kinaota kikigusa ardhi mbichi. Kwa walio juu, Muheza hadi Amani, yasimwagwe kandokando ya mito: Mto Zigi unashuka hadi bwawa la Mabayani, na maji hayo ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Tanga mjini.